Badili fikra, badili fikra... haya, tunabadilije?

Jumapili nilitoa elfu kumi yangu nikaenda kumsikiliza mhamasishaji mmoja pale Mwanga, hapa Kigoma. Yani elfu kumi nzima, af jamaa kachelewa masaa mawili, kufika tu anatwambia tufumbe macho tuseme "mimi ni bilionea" mara kumi. Tukasema. Dada wa pembeni yangu alilia kabisa. Kutoka nje, boda wa kunirudisha Kibirizi akataka hela yake vilevile, wala hakushtuka kwamba kapakia bilionea.

Sikatai, mtu akibadili mtazamo anafika mbali, nimeona kwa macho yangu. Kinachonikera ni kuligeuza pambio. Kubadili fikra kunauma jamani, maana inabidi kwanza ukubali ulikuwa unakosea, tena miaka na miaka, na watu wanakuona.

Mama mdogo wangu anaanika dagaa toka sijazaliwa, anaanika chini mchangani kama alivyofanya mama yake. Nimemwimbia sana, mama mdogo jaribu kichanja, wenzio wanaanika juu, hewa inapita chini na juu, dagaa wanakauka upesi na kuku hawawafikii. Akanijibu, "Hao dagaa ndo wamekusomesha mwanangu, leo ndo umeona wana mchanga?" Hapo unajibu nini sasa, nikafyata. Siku moja kaja mnunuzi wa Dar, kachota kiganjani, katafuna mmoja, katema, kahamia kwa jirani bila kusema neno. Siku tatu mama mdogo anamsema yule mtu, mara ana maringo, mara watu wa Dar wanajua nini kuhusu dagaa. Siku ya nne nimeenda asubuhi namkuta kakaa peke yake kwenye ndoo, anatafuna dagaa wake mmoja mmoja, taratibu, kimya, kama mtu anayesikilizia jino. Sikumwamkia hata, nilirudi nyuma nikaondoka.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue 2024, ile tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, wengi tulishinda kwenye bao tukilaani serikali (mimi nikiwemo, na nilifungwa sana), yeye kawachukua wanawe wakakata miti, katafuta neti kuukuu, wakapiga vichanja viwili. Ziwa kufunguliwa, dagaa wake juu. Mvua za mwezi wa 11 zilipokuja yeye anatupia turubai tu wenzake wanakimbizana na matope.

Haya, nakubali, miti na neti ni hela, na asiye na hela hata abadili fikra mara saba ataanika chini tu. Mama mdogo alikuwa na akiba ya kikoba. Sawa. Lakini jirani yake ana hela kumzidi na bado anaanika mchangani, huyo tumsingizie nini?

Na hili la "sisi watu wa mwisho wa reli" nalo basi. Reli imefika hapa 1914, mpaka leo tunaitumia kama cheti cha daktari, wakati Mkongo anavuka ziwa zima kuja kununua bidhaa hapahapa tunapolalamikia.

Mama mdogo sasa hivi ukimuuliza anakwambia vichanja ni wazo lake toka zamani, mimi ndo nilikuwa nambishia. Namwitikia tu ndiyo mama, dagaa mwenyewe ananipa bure.