Yuan Kichwa Kikubwa na Mimi

Nilikwenda Guangzhou kufuata viatu vya watoto. Viatu vilifika Kariakoo salama. Pamoja navyo zikafika sarafu kumi za fedha ambazo mke wangu mpaka leo anaziita "vile vizibo vyako".

Ilikuwa siku ya mwisho, mzigo umeshafungwa, nikaenda kuzurura kwenye soko la vitu vya kale. Mzee mmoja ametandika kitambaa chini, juu yake mabirika, vikuku na sarafu nyeusinyeusi zenye sura ya bwana mwenye upara na masharubu. Akainua moja juu, akasema, "Yuan datou!" Maana yake Yuan Kichwa Kikubwa. Ni jenerali Yuan Shikai, aliyekuwa rais wa China, na sura yake ilianza kupigwa kwenye sarafu hizo mwaka 1914. Baadaye akajitangaza mfalme. Ufalme ukamdumu siku 83 tu. Haya nimeyasoma baada ya kupigwa. Kabla ya kupigwa nilijua jambo moja: sarafu halisi ni fedha karibu asilimia 89.

Mzee akaandika 300 kwenye kikokotoo. Nikafuta, nikaandika 50. Akashika kifua kama anayekata roho. Dakika nne tu, tumefika yuan 60. Mimi nauza viatu miaka yote, najua bidhaa inayoshuka bei namna ile ni ya aina gani, lakini nilikuwa nimeshalewa ushindi.

Na msiseme sikupima! Mzee alinifundisha: ibane sarafu katikati kwa kucha mbili, ipulize ukingoni, haraka ipeleke sikioni, fedha halisi huimba. Nikapuliza. Nikasikia ngiiii, tamu kabisa. Kweli, hatua mbili kutoka pale kulikuwa na skuta ya umeme inalia king'ora, ila sikutaka kuihusisha.

Kilichonimaliza hasa ni kovu. Yuan alikuwa na mkwaruzo mdogo shavuni, chini ya sikio. Nikaangalia ya pili: kovu. Ya tatu: kovu. Zote kumi! Nikajiambia, naam, huyu alikuwa mwanajeshi kweli, na aliyechonga sura yake hakumficha kitu.

Nikalipa. Mzee akahesabu noti mara mbili, akanipigapiga bega, "Yuan datou! Yuan datou!" Wauzaji wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nisionekane mgeni.

Dar, nikazipeleka kwa sonara, mzee wa watu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini?"

Nikamwaga hazina mezani. Hakusema kitu. Akaweka moja kwenye mizani: gramu 21. Halisi ina karibu 27. Nikamweleza kwamba ni ya zamani, labda imelika. Akanitazama juu ya miwani, kisha akafungua droo, akatoa riale ya Maria Theresa, ile ya 1780 waliyokuwa nayo mabibi zetu Unguja. Akaidondosha kwenye kioo cha meza. Ikalia ngiiiing, sauti ikachelewa kufa. Akadondosha ya kwangu. Ikasema ko.

"Labda ina baridi," nikasema. Wallahi nilisema hivyo.

Mzee akainama, akatoa sumaku ya spika mbovu, akaishusha taratibu. Yuan wa kwanza akaruka mwenyewe. Wa pili akamng'ang'ania wa kwanza, wa tatu akaning'inia kwa wa pili, majenerali watatu wanabembea kama popo. Fedha haishiki sumaku, hilo hata mwanafunzi wake aliyekuwa anafagia alilijua, maana aliacha ufagio akaja kuangalia.

"Na hili kovu?" nikauliza, sauti imeshapungua.

"Mwanangu, sarafu kumi zimezunguka mifukoni mwa watu kumi, zote zikwaruzwe mahali pamoja? Hilo kovu ni la kalibu. Aliyetengeneza kalibu alitumia sarafu yenye mkwaruzo, basi kila mtoto kazaliwa nao."

Hakunitoza chochote. Afadhali angenitoza.

Jioni nikampigia rafiki yangu aliyesoma Wuhan, nipate wa kunipa pole. Alipomaliza kucheka akauliza yule mzee aliniambiaje. Nikamwambia, alikuwa anataja jina la jenerali tu, Yuan datou.

"Alilitamkaje? Yuan ya jenerali sauti inapanda, kama mtu anayeuliza. Ikinyooka juu bila kupanda ni neno jingine. Hapo yuan datou ni bwege anayelipa hela nyingi kwa kitu cha bure."

Nikanyamaza, nikirudisha kumbukumbu. Ile aliyoitamka sarafu ikiwa hewani ilipanda, nina hakika.

Zile za begani zilinyooka.