Kuba la Custom House halifichi umri
Kuna mwandishi anadai eti picha za zamani za Ireland, zile nyeusi na nyeupe, huwezi kujua ni za mwaka gani! Mwandishi huyo hajaitazama vizuri Custom House, jengo la zamani la forodha la Dublin. Ilichomwa moto Mei 1921 wakati wa vita vya uhuru, na shingo ya kuba (ukuta wa mviringo ulio chini yake) ikajengwa upya kwa mawe ya Ardbraccan ya Ireland, meusimeusi kuliko yale ya mwanzo ya Portland, Uingereza. Hata bila rangi, tofauti hiyo inaonekana waziwazi: shingo nyeusi ni baada ya moto huo. Na ukiiona Nguzo ya Nelson, mnara wa ukumbusho katikati ya Dublin, imesimama, hiyo ni kabla ya Machi 1966 ilipolipuliwa. Mimi niliuziwa picha yenye shingo nyeusi, muuzaji anaapa ni ya karne ya 19 (nami nikalipa!). Nani mwingine kapigwa hivyo?