Nani wa kumpunguzia mzee dawa?

Ingia nyumba yoyote yenye mzee huku Nyanda za Juu Kusini, iwe Tukuyu, Mafinga au Makete, uombe kuonyeshwa dawa zake. Utaletewa mfuko. Ndani yake kuna bahasha ndogo zilizoandikwa 1×2, vipande vya pakti vilivyokatwa kwa mkasi hata jina la dawa halisomeki, chupa ya dawa ya kikohozi ya mwaka juzi, na tyubu ya kuchulia magoti. Nimefanya kazi ya kutoa dawa mkoani Iringa kwa miaka mingi na mifuko hiyo naijua. Mzee akitoka kliniki, mfuko umeongezeka. Mara chache sana nimeuona ukipungua kwa sababu mganga alikaa nao, akautazama na kutoa kisichohitajika. Ukipungua, kwa kawaida ni kwa sababu dawa zimekwisha dirishani na mzee hana hela ya kwenda dukani.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Huduma zetu zinajua kumwongezea mzee dawa. Kumpunguzia hakuna aliyepewa kazi hiyo.

Nchi hii imepigania sana mzee apate dawa, na ilikuwa haki. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtambua kila aliyefikisha miaka 60. Sera ya Afya ya 2007 ikasema mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Baadaye tukaona madirisha ya wazee na mabango ya kuwapisha kwenye foleni. Mapambano hayo hayajaisha, na anayesema yameisha hajakaa nje ya zahanati ya kijijini siku ya kliniki ya presha. Ila dawa zikishapatikana linabaki swali tusiloliuliza: hizi saba au nane zinaishije pamoja ndani ya mwili mmoja wa miaka 78, ambao figo zake hazichuji tena kama zamani?

Chukua mfano wa bibi wa Makete mwenye presha. Anaanzishiwa amlodipini, dawa nzuri, ya bei nafuu, inayomezwa mara moja kwa siku. Baada ya wiki kadhaa vifundo vya miguu vinavimba. Kwa amlodipini hilo ni jambo la kawaida: mishipa midogo inatanuka na maji yanavujia miguuni, hata kama moyo na figo ni vizima. Bibi anarudi zahanati, anamkuta mhudumu mwingine, naye anamwandikia furosemidi, ile wengi wanayoiita lasiksi, ili akojoe maji. Uvimbe wa namna hiyo haupungui sana kwa lasiksi. Kinachobadilika ni kwamba sasa bibi anaamka usiku mara tatu, mara nne. Choo kiko nje. Mwezi wa Julai umande wa Makete unaganda juu ya majani, udongo unateleza, na presha yake inashuka ghafla kila anaponyanyuka kitandani. Anasema ana kizunguzungu, anaandikiwa sinarizini. Dawa hiyo mzee akiitumia kwa muda mrefu inaweza kumletea mtetemeko wa mikono na ukakamavu wa mwili kama mwenye ugonjwa wa Parkinson.

Magoti nayo yanauma kwa baridi, kwa hiyo mjukuu anatumwa duka la dawa kuleta diklofenaki. Diklofenaki inapandisha presha na inazielemea figo, hasa ikikutana na lasiksi. Kliniki inayofuata presha iko juu, amlodipini inapandishwa kutoka miligramu 5 hadi 10, na miguu inavimba zaidi kwa sababu uvimbe ule huongezeka kipimo kikiongezeka. Ukiwafuata wote waliomhudumia, huoni mzembe hata mmoja. Kila mmoja ametibu alichoonyeshwa siku hiyo. Aliyekosekana ni wa kuangalia toka mwanzo na kusema: tubadilishe amlodipini, tuondoe hizi nyingine tatu.

Sukari ina hatari yake. Glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, bado iko kwenye mifuko mingi. Inafanya kazi yake iwe mtu amekula au hajala, na kwa mzee mwenye figo dhaifu inakaa mwilini muda mrefu. Sasa fikiria Novemba na Desemba, watu wote wako shambani tangu alfajiri, babu ameachiwa chai na kiazi kimoja. Amemeza kidonge chake kama alivyoambiwa. Saa nane mchana anakutwa anatokwa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, hamtambui mwanawe. Nyumba nyingine watasema ni kiharusi, nyingine watasema amerogwa na kuanza kutafuta mchawi. Kumbe sukari yake imeshuka mno; sukari na chakula vingeweza kumrudisha. Kisha mvua zikikolea ulanzi, pombe ya mianzi, unaanza kugemwa, mtogwa wake mtamu unazunguka kijijini, sukari inapanda, na kliniki inaongeza kipimo cha dawa pasipo kuuliza mzee anakunywa nini.

Lipo pia jambo la mikoa yetu ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU kuliko mingine nchini, na kwa sababu dawa zimefanya kazi, walioanza ARV wakiwa vijana sasa wanazeeka. Tunapaswa kulifurahia hilo. Lakini dolutegraviri, iliyomo kwenye kidonge wanachomeza wengi wao, hupandisha kwenye damu kiwango cha metformini, dawa nyingine ya sukari, ndiyo maana anayetumia zote mbili huwekewa kikomo cha metformini. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vikimezwa tumbo tupu pamoja na dolutegraviri, na dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini zikimezwa pamoja nayo hata baada ya kula, huizuia isifyonzwe vizuri. Mzee ana kadi ya CTC, yaani kliniki ya VVU, jengo moja na daftari la sukari jengo jingine. Kadi ya kwanza haionyeshi kwenye jengo la pili, na dukani haitaji kabisa, maana anayeuza ni jirani yake.

Nchi tajiri zenye makao ya wazee kila mji zilishalipima tatizo hili. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya makao 55 yenye wakazi 256 waliochunguzwa. Kila mkazi alikuwa na wastani wa dawa 8, na siku ile ya uchunguzi saba kati ya kila kumi walikuwa na angalau kosa moja la dawa: kwenye kuandikiwa, kutolewa, kupewa au kufuatiliwa. Mahali hapo pana daktari, mfamasia na karatasi kwa kila mkazi. Mwaka huohuo ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya serikali yao ilikadiria kwamba watu 180,000 wenye ugonjwa wa kusahau walikuwa wakipewa dawa za magonjwa ya akili, nyingi zikiwa za kuwatuliza tu, na kwamba dawa hizo zilihusika na vifo vya ziada takriban 1,800 kwa mwaka. Serikali ililivalia njuga na matumizi yakashuka. Marekani, daktari Mark Beers aliongoza mwaka 1991 utayarishaji wa orodha ya dawa za kuepuka kwa wazee wa makao ya kutunzia. Orodha hiyo huhuishwa hadi leo. Ukiisoma utakutana na majina uliyoyazoea: diazepamu, glibenklamidi, hata piritoni tunayoinunua kwa mafua.

Kwetu makao ya wazee ni machache, mengine ya serikali, mengine ya mashirika ya dini. Niliwahi kutembelea moja linaloendeshwa na masista, nikamkuta sista mmoja na daftari la mistari ambalo kila mzee ana ukurasa wake: dawa gani, ya nini, nani aliandika, lini irudiwe kuangaliwa. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na saa ukutani na kalamu mbili za rangi. Nasema wazi kwamba wazee wale walikuwa salama zaidi kuliko wengi wanaotibiwa hospitali kubwa na kurudi nyumbani na mfuko.

Maana mahali hasa pa kumtunzia mzee kwetu ni nyumbani, na mhudumu ni mkwe, binti aliyerudi kutoka Dar, dada wa kazi, au mjukuu wa darasa la tano. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkwe hakumkaribia wala kumtazama baba mkwe wake. Mila imelegea, lakini bado kuna nyumba Rungwe ambako mama wa watu hawezi kuingia chumbani kwa baba mkwe akapekua dawa zake, kwa hiyo anatumwa mtoto. Mtoto anasoma 1×2. Ni kimoja mara mbili au viwili mara moja? Tuandike “asubuhi kimoja, jioni kimoja”, kwa herufi kubwa, na chini yake “ya presha”. Losartani, dawa ya presha, ya safari hii ikija na rangi tofauti na ya mwezi uliopita, mtoa dawa aitaje kwa mdomo kwamba ni ileile, la sivyo mzee atameza ya zamani na mpya pamoja.

Najua nitaambiwa kwamba mahali dawa zinapokosekana, kuzungumzia kupunguza ni anasa. Mimi naona kinyume. Mzee mwenye shilingi elfu tano na orodha ya dawa sita ananunua ile anayoihisi, yaani ya maumivu, na anaiacha ya presha asiyoihisi. Orodha ingekuwa ya dawa tatu zinazohitajika kweli, hela hiyo ingefika. Ugumu ninaoukubali ni mwingine: mzee akitoka kliniki mikono mitupu anaona amedharauliwa, amekwenda mbali bure. Huwezi kumwondolea dawa kwa kuikata kwa kalamu. Inabidi umpe kiti, umsalimu vizuri, umweleze, na umpangie siku ya kurudi.

Nanyi ndugu mnaowatunza, msisome haya mkaenda kuacha dawa wenyewe. Propranololi, prednisoloni, fenobarbitoni na diazepamu zilizotumiwa muda mrefu zikikatwa ghafla zinaweza kuleta madhara makubwa. Chukueni mfuko wote, pamoja na mitishamba, mkaumwage mezani kwa mganga wa zahanati au mfamasia. Ulizeni kila dawa ni ya nini na kama bado inahitajika.

Maduka ya dawa muhimu yalianzia jirani zetu, Ruvuma, mwaka 2003, kwa wazo kwamba muuzaji aliyefundishwa anaweza kuwa msaada wa kweli kijijini. Basi muuzaji huyo auulize mfuko kabla ya kumpa mzee diklofenaki.

Ninachoomba kwa waganga wakuu wa halmashauri zetu kinawezekana kwa watumishi waliopo. Siku moja kila mwezi, mganga na mfamasia wakae na wazee wenye dawa tano na kuendelea, mifuko ikiwa mezani, na kadi ya CTC iruhusiwe kuonyeshwa kwa siri mlango ukiwa umefungwa. Kwenye makao ya wazee waende wao wenyewe, wasisubiri kuletewa. Na daftari la kliniki liongezwe safu moja: dawa iliyositishwa, na sababu. Kwenye madaftari ninayoyashika safu hiyo haipo. Ikiwepo kwa miezi sita, tutaweza kuhesabu dawa zilizositishwa na kulinganisha na idadi ya wazee wanaoletwa wodini wakiwa wameanguka au sukari imeshuka.