Nimetoka Kupumzika, Nimegeuka Fundi Dishi

Mwenzenu naendesha lori hapa Marekani, na mke wangu ni nesi wa zamu za usiku. Kwa hiyo sisi tukisema likizo, msitutarajie milimani wala kwenye mitumbwi. Yeye anataka kulala, mimi nataka kukaa. Najua mtasema mwaka mzima nimekaa. Nimekaa, ndiyo, lakini nimekaa nimeshika usukani. Safari hii nilitaka kukaa nimeshika rimoti.

Tukanunua RV, zile gari-nyumba zenye kitanda, jiko na choo humo humo. Mkweche wa futi 28, umeshapita mikono ya watu, ila injini inaitika. Ndani kuna televisheni mbili, moja sebuleni na moja chumbani, na aliyetuuzia alizisifu mpaka akakaukiwa na mate. Alichonyamazia ni kwamba hazina pa kupatia picha. Juu ya paa kuna antena ya kunyanyua kwa mkono: unazungusha mpini, inasimama, inadaka vituo vya bure vya mji wa jirani. Sasa ukiwa kwenye jangwa la Utah, mji wa jirani ni mawe. Tena ukisahau kuishusha kabla ya kuondoka, tawi la kwanza litakushushia.

Basi ikabidi litafutwe dishi.

Kwetu Mwanza dishi halina mjadala. Unamwita fundi, anapanda juu ya bati na spana yake, mtoto anasimama mlangoni, baba yuko ndani anakodolea kioo. "Vipi?" "Bado!" "Sasa je?" "Imekuja! Imeondoka! Rudisha, rudisha hapo hapo!" Fundi anakaza nati, anakunywa maji, analipwa, na ungo ule hauguswi tena mpaka masika yaje na upepo wake. Kinachorahisisha mambo ni kwamba nyumba haiendi popote. Nyumba ikianza kutembea, leo Texas, kesho New Mexico, fundi ni wewe kila jioni, na mtoto wa kusimama mlangoni yuko na simu yake masikioni hasikii kitu.

Kijana wa duka la vifaa vya kambi alinipokea kwa swali: "Una mkataba na nani?" Nikamwambia na mke wangu, tulifunga kwa padri. Hakucheka. Kumbe huku huanzi na dishi, unaanza na kampuni ya televisheni ya satelaiti, DISH au DIRECTV, na ukishachagua mmoja dishi la mwenzake halikufai. DIRECTV wanarusha HD, yaani picha kali, kutoka satelaiti za nyuzi 99 na 103 magharibi (nyuzi ndiyo anwani ya satelaiti angani), kwa masafa ya Ka, mkanda mmojawapo wa mawimbi ya satelaiti, na yale makuba madogo ya kubeba, dishi lililofichwa ndani ya kifuniko, hayayadaki. Ukitaka HD yao unabeba ungo wazi wenye miguu mitatu, unausimamisha, unauelekeza kwa mikono yako. DISH wao wanatumia masafa ya Ku, na satelaiti zao za upande wa magharibi ziko nyuzi 110 na 119. Hizo kikuba kinazitafuta chenyewe: unakiweka chini, kinaguguna humo ndani, grrr, grrr, kinazunguka, kinakaa kimya. Tena DISH wana mpango wa kulipia miezi unayosafiri tu. Mke wangu aliposikia hivyo akasema tumemaliza. Mimi nilikuwa bado nauliza Ka ni nini.

Hatukumaliza. Kijana akataka kuniuzia la kufunga juu ya paa. Kwa maelezo yake ni raha tupu: unafika, unabonyeza kitufe, hushuki hata kwenye kiti. Yako mpaka yanayofuata satelaiti huku gari linakwenda, watoto wanatazama nyuma, baba anaendesha. Bei yake nilipoiona nilimuuliza kama gari linakuja pamoja nalo.

Lakini acha bei. Ubaya wa dishi la paani ni mti. Satelaiti haitaki mti. Jani moja moja linasameheka, mti mzima hapana, hasa msonobari uliolowa mvua. Kwa hiyo mwenye dishi la paani analazimika kuegesha juani ili dishi lione mbingu. Julai hiyo, Arizona. Gari ni bati. Kiyoyozi kinanguruma toka asubuhi mpaka usiku, humo ndani hamsikilizani, lakini picha safi! Mwenye dishi la kubeba yeye anaegesha kivulini, anavuta kebo, anakwenda kuliacha dishi juani liungue peke yake. Hilo hakuna aliyenifundisha. Dereva wa lori anakijua kivuli kuliko anavyowajua ndugu zake. Nikachukua kikuba cha kubeba.

Kikuba chenyewe ni cheupe, cha mviringo, kina mpini wa kukibebea, hakina tofauti na hotpoti la harusini. Siyo mimi niliyesema hivyo. Mama mkwe ndiye aliyekiona kinatolewa kwenye boksi akauliza, "Baba Neema, mmebeba na wali?"

Ndiyo, mama mkwe yumo. Alikuja kutoka Bukoba kumwona mjukuu, na mke wangu akaona si haki kumwacha nyumbani peke yake na majirani wasiosalimiana. Mimi na mama mkwe ndani ya futi 28! Nyumbani mkwe akikaa sebuleni, mimi napitia mlango wa nyuma. Hapa mlango ni mmoja, na choo kimepakana na kiti chake. Nikimeza dawa ya kikohozi, yeye anasema pole mwanangu. Kwa hiyo mkiniona niko nje saa mbili nzima na kebo mkononi, msifikiri sijui kusoma maelekezo.

Tulipofika Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, kambi ya Mather, kule ukingo wa kusini, tukapewa nafasi katikati ya misonobari. Nafasi nzuri, kivuli cha kutosha, paa wanapita. Umeme wa kuchomeka hakuna, na jenereta ina saa zake, ukiiwasha nje ya saa hizo askari wa hifadhi anakuja kukuamkia. Nikakiweka kikuba kwenye uwazi. Kikaguguna, kikazunguka, kikanyamaza, kisimbuzi kikaandika hakuna mawimbi. Nikakisogeza. Kikaguguna tena.

Wakaanza kuja. Kwenye kambi za RV, ukiinama tu juu ya dishi, wazee wastaafu wanatokea kila upande, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Wa kwanza ana ungo wa miguu mitatu na anaringa nao. Alinipa somo: pembe ya kuzunguka, pembe ya kuinuka, na pembe ya kuulaza ungo upande. Nguzo ya kati inayoshika ungo lazima isimame wima kabisa, la sivyo hesabu zote ni bure. Dira usiishike karibu na gari, chuma kinaipotosha, na hata ukisogea mbali, kaskazini ya dira siyo kaskazini yenyewe, lazima urekebishe kufuata mahali ulipo. Kuna programu ya simu: unanyanyua kamera, inakuchorea satelaiti kwenye picha, unaona kabisa kwamba 119 imejificha nyuma ya tawi lile pale. Hapo nikamheshimu mzee. Wa pili akasema hayo yote ya nini, yeye ana kikuba, kinajitafutia. Wa kwanza akamuuliza, mvua ikinyesha je? Maana matone yakikaa juu ya kuba mawimbi yanadhoofika, hata umande wa asubuhi unatosha, na wengine wanapaka nta ili maji yateleze. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Mbwa wa mmoja wao akaja akanyanyua mguu kwenye kebo yangu.

Mimi kichwani nilikuwa na jambo moja tu. Satelaiti hizi zote ziko juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kwenda juu, zinazunguka sambamba na dunia ndiyo maana zinaonekana zimesimama. Ndiyo maana Marekani nzima wanageuza dishi kusini. Kule Bukoba, wanaotumia satelaiti ya nyuzi 36 mashariki ungo wao unatazama karibu utosini, mpaka mvua inatuama ndani yake. Nimezaliwa chini ya mstari wenyewe, hakuna mti wa kunizuia, nimevuka bahari kuja kuchungulia kusini kati ya matawi!

Nikapata uwazi kwa kuongeza kebo. Picha ikaja. Nikaingia ndani, nikakaa. Sekunde.

Kikuba kina matundu mawili ya kebo, kwa hiyo kwenye boksi wameandika televisheni mbili. Sikatai, mbili. Ila kinatazama satelaiti moja kwa wakati mmoja, na kisimbuzi kimoja ndicho kinachoamrisha. Kinachoamrisha kiko sebuleni, kwa mama. Mama akihamia chaneli iliyoko kwenye satelaiti nyingine, kule nje grrr, kikuba kinageuka, na chumbani kioo kinakuwa cheusi katikati ya tamthilia.

"Baba Neema, mwambie mama arudishe!"

"Mwambie wewe, ni mama yako."

"Wewe ndiye uliyefunga dishi."

Hakuna aliyemwambia. Mama kapata chaneli ya hali ya hewa na haachi. Kiingereza hakielewi chote, lakini ramani anaielewa, mawingu mekundu anayaelewa, na kila asubuhi anatutangazia: "Oklahoma leo hawalali." Ameshika majina ya majimbo ambayo mimi nimeyapita kwa lori miaka mingi nikisoma kwenye vibao. Anawaombea watu wa Kansas kwa majina ya wilaya zao.

Vituo vya nyumbani Houston navyo vilipotea njiani, kwa sababu vituo vya miji vinarushwa kwa miale myembamba inayomulika eneo lake tu. Ukitoka nje ya mwale, kwaheri. Unapiga simu kampuni wakubadilishie anwani. Dada aliyepokea aliniuliza mtaa. Nikamwambia ni msituni. Akauliza namba ya nyumba. Nikamsomea namba ya gari. Akaniweka kwenye muziki.

Yule mzee wa miguu mitatu akaniambia kuna njia nyingine: watu wa RV wanaruhusiwa kuomba vituo vya New York na Los Angeles popote walipo. Bunge la Marekani lilibana ruhusa hiyo mwaka 2019, wengi wakaondolewa, lakini likawabakiza wenye RV na madereva wa malori. Nikamwomba arudie. Bunge, kwa sheria, limeniwaza mimi, tena mara mbili katika sentensi moja! Nyumbani nimepiga kura tangu nipate kitambulisho na mbunge wangu hajawahi kunikumbuka hata kwa daraja.

Usiku shemeji akapiga simu kutoka Mwanza. Hakuuliza hali. "Huo ungo wenu unashika Azam? Yanga na Simba mtaona?" Nikamweleza taratibu: satelaiti ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, sisi tuko nyuzi 112 magharibi, dunia yenyewe imekaa katikati. Hata ungo ungekuwa mkubwa kuliko uwanja, utakuwa unaelekea ardhini. Akanyamaza kidogo. "Sasa mmenunua wa nini?" Mke wangu akacheka hadi akaamsha kambi. Derby tutaitazama kwa intaneti, kwenye simu, sote wanne tumeinamia kioo cha inchi sita, na televisheni mbili zikitutazama.

Na hao hao wazee, asubuhi yake, wamehamia somo jingine. Wote wawili sasa wanakubaliana kwamba dishi la televisheni limepitwa na wakati, niweke Starlink. Satelaiti zake ziko chini, kama kilomita 550, zinapita nyingi nyingi, na tangu 2024 kuna kile kidogo cha kubeba kwenye begi. Kinakupa intaneti, na ndani ya intaneti kuna kila kitu, pamoja na Yanga. Nikauliza, miti je? Miti bado ni shida. Nikauliza, kinatazama wapi? Kwa huku, kaskazini.

Kaskazini! Mwenzenu sasa naijua kusini ya kila kambi kutoka hapa mpaka Houston, naijua kwa kivuli, kwa programu, kwa harufu ya mbwa. Mke wangu hakusubiri nimalize kulalamika, alishaagiza kwa simu, kitatusubiri mji wa Flagstaff.

Mama akainua macho kutoka Oklahoma. "Hicho kipya nacho kina hali ya hewa?"

"Kinayo, mama."

"Basi ondoeni hilo hotpoti hapo njiani, nimeshajikwaa nalo."