Nilivyokwenda kuhesabiwa na gari lenye kwikwi

Kwetu Marangu gari lenye viti viwili halihesabiwi kuwa gari. Mama alipoliona mara ya kwanza alilizunguka, akachungulia nyuma ya viti kama anatafuta mlango wa watu wengine, kisha akauliza kwa upole, "Na sisi tutakaa wapi?" Nikamweleza kuwa ni gari la michezo. Akasema, "Haya. Mkimaliza kucheza ununue gari."

Ni Eunos Roadster ya mwaka 1992, ile ambayo nje ya Japani inajulikana zaidi kama Mazda MX-5. Injini lita 1.6, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, paa ni turubai unalolikunja kwa mkono, na taa za mbele hulala ndani ya bodi mchana, usiku zikainuka kama macho ya chura. Macho ya gari langu hayana ushirikiano. La kushoto huinuka lenyewe kila nikipiga stata, likakaa hivyo hivyo mpaka nishuke nilipige kofi.

Ugonjwa wa klachi ulianza Novemba. Kwanza rivasi ikawa inasaga meno. Halafu gia namba moja ikawa haiingii mpaka nikanyage pedali mara tatu nne haraka haraka, kama mtu anayejaza upepo baiskeli. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini kupampu kunasaidia. Mimi nilipampu tu. Nilipampu mzunguko wa YMCA mjini Moshi huku daladala zinanipigia honi, nikapampu mbele ya benki, nikapampu mpaka paja la kushoto likawa nene kuliko la kulia.

Siku moja nikafungua bonneti. Gari hili lina kikopo kidogo cha klachi peke yake, mbali na kile cha breki, na kilikuwa kimekauka karibu chote. Nikaongezea mafuta niliyokuwa nayo nyumbani, nikafunga kifuniko, nikanawa mikono, nikajiona fundi. Kweli gari likatulia karibu wiki nzima. Kisha pedali ikazama mpaka kwenye zulia na haikurudi. Nikawa naivuta juu kwa kidole gumba cha mguu.

Sasa, mimi ni mhasibu. Mhasibu akishajumlisha hesabu yake, haji mtu wa kumwambia haikubaliani. Nilikesha siku tatu nasoma habari za klachi, na hesabu yangu ikatoa jibu moja: pleti, lile bamba la klachi linaloshikana na injini, imekwisha. Gari lina zaidi ya miaka 30, lazima pleti imekwisha. Nikaenda na jibu hilo Pasua, mtaa wa Moshi, kwa fundi wangu, mtu wa Kondoa asiye na maneno mengi.

"Bosi, likiwa limezimwa gia zinaingia?"

"Zinaingia laini kabisa."

"Likiwaka?"

"Zinagoma."

"Ukiwa barabarani ukikanyaga mafuta, injini inalia juu halafu gari haliongezi mwendo?"

"Hapana, mwendo upo."

Akafuta mikono. "Basi pleti haitelezi. Tatizo lake haiachii. Klachi hii ni ya mafuta: unakanyaga, masta ya juu inasukuma mafuta kwenye paipu, masta ya chini inapokea, inasukuma mkono wa rilizi beringi, ile inayoiachisha pleti. Mafuta yakivuja au raba zikichoka, hakuna kinachosukumwa. Tuanze na masta ya chini. Ni boliti mbili tu, na kwenye magari haya huwa inakufa sana."

Boliti mbili! Siku tatu nimekesha, halafu aniambie boliti mbili?

"Fundi," nikamwambia, "mimi nimesoma. Shusha gia boksi."

Mtu akishasema amesoma, fundi wa Pasua hainui sauti. Anainua jeki.

Kushusha gia boksi ya gari hili ni kazi ya mtu mwenye dhambi. Si gia boksi peke yake. Kuna mhimili mrefu wa alumini unaoiunganisha na difu ya nyuma, nao lazima utoke. Kuna propela, kuna ekzosi, kuna boliti za juu ya kengele, ile sehemu pana ya gia boksi inayofungwa kwenye injini, ambazo Wajapani waliziweka mahali pa kufikiwa na mkono wa nyani. Siku moja na nusu dogo wa gereji alilala chini ya gari, tukiona miguu yake tu. Pleti ilipotoka, fundi akaifuta kwa kitambaa akanishikisha bila neno. Ilikuwa nene. Ilikuwa na miaka yake mingine ya kula.

Hapo ningeweza kusema samahani. Nikasema, "Weka mpya hata hivyo," nikalipa shilingi 420,000 za pleti, presha pleti na rilizi beringi, nikisindikizwa na macho ya dogo ambaye mshahara wake nadhani niliumeza palepale.

Wakarudishia kila kitu. Nikaingia kwa madaha, nikakanyaga klachi. Pedali ikazama kwenye zulia. Ikalala.

Ukimya wa gereji wakati huo sitausahau. Hata redio ilikuwa kwenye matangazo ya vifo.

Badala ya aibu nikapandwa na hasira, na hasira ya mhasibu hutafuta wizi. Nikamwambia fundi, mbele ya wateja wake, kwamba amenibadilishia: pleti mpya kaiweka kabatini, ya zamani kairudisha. Hakujibu. Akamwita dogo, wakainua gari, wakaishusha gia boksi upya, jasho linawatoka. Akamulika tochi. Pleti mpya ilikuwa inang'aa, namba zake zilezile za kwenye boksi nililolibeba mimi mwenyewe. Nikasema, "Rudishieni," kama bosi mkubwa, na gari lilipokuwa tayari nikaondoka bila kulipa kazi ya mara ya pili. Ilikuwa tarehe 23 Desemba.

Wasomaji wa kwetu mmeshajua kinachofuata. Desemba Mchaga anakwenda kuhesabiwa, yaani anarudi kwao kwa sikukuu, apende asipende. Magari mengine yote ya ukoo yalikuwa yameshapanda mlimani, na nilikuwa nimemwahidi shangazi kwamba nitampitia Kiboriloni. Kumpigia simu kumwambia apande Hiace ilikuwa sawa na kutangaza kwamba lile gari la michezo limeshindwa mchezo.

Kuendesha bila klachi kunawezekana, tena kuna utamu wake. Unazima injini, unatia namba moja, unapiga stata: gari linaruka mara mbili tatu, linawaka likiwa tayari safarini. Ukitaka namba mbili unaachia mafuta, unatoa gia, unasikiliza injini ishuke, halafu unaisukuma taratibu kama unamwamsha mgonjwa. Kisichowezekana ni kusimama. Kila ukisimama lazima uzime, na kila ukizima lazima uruke tena.

Shangazi alikuwa barabarani Kiboriloni na jogoo kwenye kikapu, begi na mkungu wa ndizi. Nani anapeleka ndizi Marangu? Sikuuliza, nilikuwa nahesabu stata zilizobaki kwenye betri. Akaketi, jogoo mapajani, ndizi miguuni. Nikatia namba moja, nikapiga stata. Gari likaruka. Kofia ya shangazi ikarudi nyuma. Likaruka tena, jogoo akawika saa nane mchana. Tukaondoka, jicho la kushoto limeinuka.

"Mwanangu," shangazi akasema akitafuta rozari kwenye mkoba, "hii gari ina kwikwi?"

"Injini ya michezo, Shangazi. Ndivyo ilivyo."

"Ipe maji."

Tukapita Uchira vizuri. Njia Panda, ambapo mabasi ya Dar es Salaam yanaungana na barabara yetu, msururu ulikuwa wa sikukuu, na mbele ya msururu amesimama askari wa usalama barabarani, mama mmoja mrefu, nguo nyeupe imenyooka. Mkono ukainuka. Nikazima, nikaserereka mpaka miguuni pake.

Leseni sawa, bima sawa, mkanda sawa. Akaangalia jogoo. Akaangalia jicho lililoinuka, na lile lililolala. Sikukuu ilimtuliza, akasema, "Nenda, baba, pole pole." Nikashuka nikalipiga jicho kofi likalala, nikarudi, nikapiga stata. Gari likamrukia hatua mbili, na hapo hapo jicho la kushoto likainuka, likashuka nusu, likainuka.

Akaruka pembeni. "We kaka! Unanikonyeza?"

"Si mimi, afande, ni gari!"

"Mtu mzima na jogoo wako, unanikonyeza mchana kweupe?"

Sikuweza kusimama kujieleza, maana gari lilikuwa limeshawaka, na lililowaka halizimwi. Nikaondoka namwomba radhi kwa kupunga mkono, jambo ambalo kwa nyuma, shangazi aliniambia, lilionekana kama namuaga.

Himo tukakunja kushoto kupanda mlima, na hapo mchezo ukaisha. Mbele yetu Noah imebeba godoro, mbuzi na watu kumi, inapanda kwa huzuni. Namba mbili ilikuwa haraka mno kwake, namba moja nisingeweza kuirudia bila kusimama. Nikawa naikaribia, naachia, naikaribia, gari linatetemeka mpaka meno ya shangazi yanagongana katikati ya Salamu Maria. Karibu na Marangu Mtoni Noah ikasimama kabisa kushusha mbuzi. Na mimi nikasimama. Kwenye mlima. Nikapiga stata: gari likajikuna hatua moja, stata ikatoa sauti ya mzee anayekataa kuamka, basi.

Vijana walitusukuma mpaka nyumbani. Ukoo mzima ulikuwa uani na vibuyu vya mbege, V8 za watu wa Dar zimepangwa kwenye nyasi, na mimi nikaingia nikisukumwa na vijana saba, jicho moja wazi, shangazi amekaa wima kama askofu.

"Wengine wamekuja kuhesabiwa," akasema binamu yangu mmoja, "huyu kaja kupimwa uzito."

Baba mdogo aliendesha malori ya kahawa miaka mingi kabla ya kustaafu. Hakucheka. Akafungua bonneti, akafungua kikopo cha klachi, akachovya kidole, akakitazama juani. Kilikuwa chekundu. Akanusa.

"Nani katia hidroliki humu?"

Uwanja ukanyamaza. Nikakumbuka ile nusu chupa nyumbani, iliyobaki tulipotengeneza stelingi ya gari la mke wangu.

"Lakini Baba mdogo," nikasema, na najua nilipaswa kunyamaza, "si klachi ya hidroliki?"

Kuna mzee alimwaga mbege kwa kucheka. Baba mdogo akanisubiri wamalize. "Hidroliki ya chupa ni ya stelingi. Klachi inakunywa mafuta ya breki, kama breki zenyewe. Raba zake zimetengenezwa kwa mafuta hayo tu. Ukizipa haya mekundu zinavimba, zinakwama ndani ya silinda. Mbona maandishi yapo kwenye kifuniko? Wewe si umesoma?"

Halafu akauliza fundi wangu alisema nini. Nikasimulia yote, maana shangazi alikuwa ameshaanza kuyasimulia vibaya zaidi: boliti mbili, pleti nene, pleti mpya, wizi. Nilipofika kwenye wizi uso wa Baba mdogo ukabadilika. Akaenda kwenye mpaka wa kihamba, akakata jani la isale, akaliweka juu ya kiti changu cha abiria. Kwetu isale halielezwi. Unalipeleka kwa uliyemkosea, naye akiliona anajua umekuja kufanya nini.

Tarehe 27 nikateremka Moshi. Mteremko ni klachi tosha. Fundi alinipokea bila neno, akatoa zile boliti mbili, akabinua raba ya vumbi ya masta ya chini, mafuta mekundu yakamchirizika mpaka kwenye kiwiko. Raba ya ndani ilitoka imevimba kama andazi lililolala kwenye chai. Ya juu hivyo hivyo. Akabadilisha raba zote na mpira wa paipu, akasafisha bomba la chuma kwa spiriti, akajaza mafuta ya breki mapya. Kisha kutoa upepo: mimi nikawekwa kwenye pedali, yeye chini na spana namba 8.

"Kanyaga! Shikilia!" Mapovu yanatoka, anafunga. "Achia! Kanyaga! Shikilia! Nimesema shikilia, bosi, usisome!"

Mara ya kumi na ngapi sijui, pedali ikanirudia mguuni, ngumu, hai. Rivasi ikaingia kimya. Raba zote na mafuta: shilingi 38,000.

Nikamtolea isale. Nilikuwa nimeandaa na maneno, kwa kuwa ni mtu wa Kondoa, lakini ukikaa Moshi miaka ishirini hakuna jani linalokushangaza. Akalipokea kwa mikono miwili. Akainama ndani ya bonneti, akalizungusha kwenye shingo ya kikopo cha klachi, akalifunga fundo juu ya kifuniko.

"Ukitaka kufungua hapa tena," akasema, "uanze kwa kuomba msamaha."

Akafunga bonneti, akafuta mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Sasa bosi, ile elfu sitini ya kushusha gia boksi mara ya pili."