Sherry Rehman na maji ya Sindh

Agosti 2022, mvua zikiwa bado zinanyesha, waziri wa mabadiliko ya tabianchi wa Pakistan, Sherry Rehman, aliiambia dunia kwamba theluthi moja ya nchi yake iko chini ya maji. Picha za satelaiti zilipochambuliwa zilionyesha eneo dogo zaidi, kama sehemu moja ya kumi. Hata hiyo moja ya kumi ni karibu kilomita za mraba 80,000; ukiziunganisha Rwanda na Burundi hazifiki ukubwa huo. Watu milioni 33 waliathirika, zaidi ya 1,700 walikufa, na hasara ilihesabiwa kuwa zaidi ya dola bilioni 30. Maafa hayakuhitaji kuongezewa chumvi. Lakini kauli ya theluthi ndiyo iliyoshika, ikarudiwa na vyombo vya habari kila bara, na hapo ndipo unapoiona nguvu ya mwanasiasa huyu: anajua neno lipi litafika.

Ameujua ustadi huo tangu zamani. Alizaliwa Karachi mwaka 1960, na kwa miaka kumi alikuwa mhariri wa jarida la Herald kabla ya kuingia katika chama cha Pakistan Peoples Party, PPP. Mwaka 2002 aliingia Bunge la Taifa kupitia viti vya wanawake, vile ambavyo Tanzania tunaviita viti maalumu. Baadaye akawa seneta, na maseneta huchaguliwa na mabunge ya majimbo. Kwa maneno mengine, safari yake yote ameifanya bila kupigiwa kura moja kwa moja na wananchi wa jimbo la uchaguzi. Wakosoaji hulitaja hilo kama doa. Mimi nalitaja kwa sababu nyingine: mtu aliyepewa kiti na chama ana kila sababu ya kukitii chama, na Rehman mara mbili alifanya jambo lililokiudhi.

Mara ya kwanza ilikuwa Machi 2009. PPP ilikuwa imeingia madarakani mwaka uliotangulia, baada ya kiongozi wake, Benazir Bhutto, kuuawa Rawalpindi Desemba 2007. Rehman alikuwa miongoni mwa waliouosha mwili wa Benazir, akasema hadharani kwamba aliona jeraha la risasi, kinyume na maelezo ya serikali ya wakati huo kwamba marehemu aligonga kichwa kwenye gari. Serikali mpya ikamfanya waziri wa habari, na haukupita muda akapeleka bungeni muswada wa kupunguza makali ambayo mtawala wa kijeshi aliyetangulia, Jenerali Musharraf, aliyaongeza kwenye sheria za utangazaji. Kisha mawakili wakaandamana kudai Jaji Mkuu Iftikhar Chaudhry arudishwe kazini, na serikali yake mwenyewe ikakata matangazo ya kituo cha televisheni cha Geo. Rehman akajiuzulu. Wako wanaosema aliona upepo umegeuka, kwa kuwa siku chache baadaye serikali ilisalimu amri na jaji akarudishwa. Sikubaliani nao. Mawaziri wenzake wengi waliuona upepo huo huo na wakabaki kwenye viti vyao.

Mara ya pili ndiyo nzito zaidi. Novemba 2010 mahakama ilimhukumu kifo Asia Bibi, mama Mkristo kutoka jimbo la Punjab, kwa kosa la kumkufuru Mtume. Mwezi huo huo Rehman akawasilisha muswada wake binafsi wa kurekebisha sheria za kukufuru na kuondoa adhabu ya kifo. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria inayotumiwa kumaliza ugomvi wa majirani, au kumnyamazisha mnyonge, haiilindi dini. Tarehe 4 Januari 2011 gavana wa Punjab, Salman Taseer, aliyekuwa amemtetea Asia Bibi, alipigwa risasi Islamabad na mlinzi wake mwenyewe. Tarehe 2 Machi akauawa Shahbaz Bhatti, waziri wa masuala ya wachache. Rehman alibaki Karachi, amejifungia nyumbani chini ya ulinzi, akakataa ushauri wa kuikimbia nchi. Februari, katikati ya mauaji hayo mawili, waziri mkuu alitamka kwamba sheria haitaguswa, na Rehman akakubali kufuata uamuzi wa chama.

Je, alifanya vibaya kurudi nyuma? Wapo waliolia kwamba aliwaachia ushindi wenye bunduki. Wapo pia waliosema tangu mwanzo kwamba muswada wa mbunge mmoja, usio na chama nyuma yake wala wanazuoni waliozungumzwa nao, ulikuwa unawasha moto bila ndoo ya maji. Hoja hii ya pili ina uzito. Wanazuoni walihitajika, na muda pia. Hata hivyo siwezi kumlaumu mwanamke aliyebaki peke yake huku wenzake wakizikwa. Lawama ni ya chama kilichokuwa na serikali, polisi na wabunge, kikamwacha asimame mlangoni. Asia Bibi aliachiwa huru na Mahakama ya Juu Oktoba 2018, baada ya miaka minane akisubiri kifo.

Kazi yake ya ubalozi Washington, kuanzia Novemba 2011, nitaipitia haraka. Siku chache baada ya kuteuliwa, ndege za NATO ziliua wanajeshi 24 wa Pakistan huko Salala, karibu na mpaka wa Afghanistan. Akadai Marekani iombe radhi, na Julai 2012 Hillary Clinton akatamka neno la pole, njia za mizigo ya NATO kwenda Afghanistan zikafunguliwa tena. Machi 2018 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza upinzani katika Seneti. Wizara ya tabianchi aliipata Aprili 2022, waziri mkuu Imran Khan alipoondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani.

Sasa turudi kwenye maji. Pakistan hutoa chini ya asilimia moja ya gesijoto za dunia, na mwaka 2022 ilikuwa mwenyekiti wa G77, kundi la nchi zinazoendelea, ambalo Tanzania na Kenya ni wanachama. Novemba, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa huko Sharm el-Sheikh, Misri, kundi hilo lilishikilia kwamba nchi tajiri zikubali mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na tabianchi, na zikakubali. Dai lenyewe lilianzia mataifa ya visiwa mwaka 1991, kwa hiyo si haki kumpa Rehman peke yake ushindi wa miaka thelathini ya wengine. Lakini nchi iliyozama ndiyo iliyokuwa mezani mwaka huo, na yeye ndiye aliyeisemea, akisisitiza kwamba fedha hizo ni haki wala si sadaka. Kwa watu wa Katesh, walioangukiwa na tope la mlima Hanang Desemba 2023, sentensi hiyo ina maana ile ile.

Ninachoshindwa kukimeza ni upande wa nyumbani. Mafuriko ya 2010 yaliwagusa watu milioni 20, na PPP ndiyo iliyokuwa ikitawala Islamabad. Jimbo la Sindh, lililoumia kuliko yote mwaka 2022, limekuwa mikononi mwa PPP tangu 2008. Miaka kumi na miwili ilipita kati ya gharika moja na nyingine, na bado watu walikuwa wamejenga kwenye njia za maji, mitaro imeziba, na matuta ya mto Indus yanategemea bahati. Septemba 2022 maofisa walilikata tuta la ziwa Manchar, Sindh, ili kuokoa miji mikubwa. Vijiji vikazama, na watu wapatao 100,000 wakalazimika kuhama. Oktoba, mwezi mmoja kabla ya Sharm el-Sheikh, waziri mkuu alikwenda Thar, huko huko Sindh, kuzindua mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, na mwenyekiti wa PPP alikuwa naye.

Watetezi wake wana jibu la kisheria, na ni la kweli: marekebisho ya 18 ya katiba, ya mwaka 2010, yaliyahamishia majimbo masuala ya mazingira, na umwagiliaji na ardhi ni vya jimbo. Waziri wa Islamabad hawezi kumwamuru mhandisi wa Sindh azibue mtaro. Jibu hilo lingenitosha kama jimbo lingekuwa la wapinzani. Lakini waliolitawala ni wanachama wenzake, watu anaokaa nao kwenye vikao vya juu vya chama. Mwaka 2009 aliweza kuiambia serikali yake kwamba imekosea. Mwaka 2022 ukali wake ulielekezwa Ulaya na Marekani.

Hasemi uongo anapozidai nchi tajiri. Mkutano wa wafadhili wa Pakistan huko Geneva, Januari 2023, uliahidi zaidi ya dola bilioni 9, na sehemu kubwa ikawa mikopo. Aliyezama akaongezewa deni. Deni hilo ataulizwa mkulima wa pamba wa Dadu, Sindh, ambaye hakuchafua anga. Lakini mkulima huyo huyo ana swali la pili, la nani alimkatia tuta na kwa nini hakuhamishwa mapema, na swali hilo linajibiwa Karachi, makao makuu ya jimbo. Rehman sasa anaongoza kamati ya Seneti ya tabianchi. Anaweza kuwaalika wakuu wa idara ya umwagiliaji wa Sindh mbele ya kamera, kabla ya msimu mwingine wa mvua, na kuwauliza kwa sauti ile ile aliyoitumia Sharm el-Sheikh.