Wapangaji wa Miguu Kumi

Shosho mwenye ploti alinikubalia nifuge samaki nyuma ya nyumba, hapa Lanet. Kama samaki hao wangekuwa na miguu kumi, miwili ya mbele ikiwa magando, hakuuliza. Nami si mtu wa kuwachosha wazee kwa maelezo.

Mtambo wenyewe ni rahisi. Chini, tangi la plastiki la lita 1,000 lililokatwa juu. Humo wanaishi kamba wa maji baridi. Juu, sukuma wiki ndani ya kokoto. Pampu hupandisha maji machafu, bakteria waliojishika kwenye kokoto hugeuza amonia ya kinyesi kuwa nitrati, sukuma hujilia, maji hurudi safi. Kamba wangu ni wale wekundu walioingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 kutoka Uganda, ingawa ukoo wao ni wa Louisiana, Marekani. Ukoo uliofika Naivasha kutoka huko, na bado nikaamini ukuta wa tangi utawashinda!

Kitu kimoja tu kilinisumbua: hawapendani. Kamba akijivua gamba hubaki laini, na wenzake humla bila hata kumjulia hali. Kwa hiyo nilikata vipande vya paipu, nikampa kila mmoja bedsita yake, giza, upande mmoja umezibwa, bila kodi. Wakatulia.

Jioni moja ya masika mvua ikashuka, na kama ilivyo desturi ya mtaa wetu, stima nayo ikapotea. Pampu ikanyamaza. Oksijeni ikapungua majini. Sasa, samaki akikosa hewa hupanda juu kuhema. Kamba akikosa hewa huhama. Mpira wa kupulizia hewa uliokuwa ukining'inia tangini ukawa ngazi, na kwa kuwa mvua iliwalowesha matamvua wanayopumulia, wangeweza kutembea nchi kavu kwa saa kadhaa bila wasiwasi.

Usiku huohuo Shosho alikuwa na wageni wa maombi. Kwa sababu ya matope, wote walivua viatu barazani. Hebu fikiria safu ya viatu: giza ndani, unyevu, upande mmoja umezibwa. Kamba aliyezoea kulala kwenye paipu aone nini hapo kama si nyumba mpya?

Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari kwa mshumaa. Nikasikia amina ya mwisho, nikasikia watu wakiagana, kisha yule mama anayeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya akaidhihirisha mpaka mbwa wa ploti ya tatu wakaitikia. Nyuma yake mzee wa kanisa akaanza kuruka kwa mguu mmoja.

"Nge! Nge wekundu!"

Nilitoka na gambuti na ndoo. Tochi za simu zilikuwa zimemzingira kamba mmoja katikati ya baraza, magando juu. Mchungaji, ambaye muda mfupi tu uliopita alikuwa akiwahimiza wengine wasimame imara, alikuwa amesimama imara juu ya benchi.

"Shindwa!" akamwamuru.

Kamba akainua magando juu zaidi.

"Hata anaabudu," kijana mmoja akasema, akafinywa na mamake.

Nikaanza kuwaokota, nikiwashika mgongoni nyuma ya magando, kiatu baada ya kiatu. Shosho alinitazama hadi nikafika kwenye kandambili zake mwenyewe.

"Mwalimu, hawa ni wako?"

"Ni wangu, Shosho. Ni jamii ya samaki."

"Samaki gani anavaa viatu?"

Sikuwa na jibu. Akainama juu ya ndoo, akawamulika.

"Samaki nilikubali. Lakini kila mwenye miguu kwenye ploti yangu hulipa kodi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameanza kuhesabu, na kila walipopandana alirudia upya, na kila akirudia idadi ilipanda. Nilipoona hesabu inakaribia mshahara wangu, nikamwomba tuelewane kwa sukuma wiki. Akakubali, akaongeza vitunguu, ambavyo hata sipandi.

Mchungaji alishuka kwenye benchi, akaenda zake kwa soksi ndani ya tope, viatu mkononi, ameviinamisha chini na kuvikung'uta mpaka getini.